Siku Kadhaa Jangwani na Ngamia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu anayezunguka dunia na begi lake mgongoni, hajawahi kumgusa ngamia, na sasa anafikiria kuingia jangwani kwa siku tatu, tano au kumi. Anayetaka kupanda nusu saa, apigwe picha na kushuka, hahitaji kusoma haya yote. Nimefanya safari hizi mara kadhaa, na wanaojiandaa huniuliza mambo yaleyale. Nimeanza na swali ambalo jibu lake hubadilisha majibu mengine yote.

Nitakuwa juu ya ngamia siku nzima?

Hapana, na ukijaribu utajuta kabla ya adhuhuri. Safari ya ngamia ya siku nyingi ni safari ya miguu yenye ngamia wa kubeba maji. Watu wengi hutembea kwa muda wa saa mbili tatu asubuhi mchanga ukiwa bado wa baridi, hupanda jua likipamba moto, kisha hushuka tena alasiri magoti yanapoanza kulia. Siku ya kawaida ni kilomita 15 hadi 25. Ngamia aliyepakiwa huenda kilomita nne au tano kwa saa, yaani mwendo wako mwenyewe, kwa hiyo ukishuka humcheleweshi mtu.

Robyn Davidson, mwanamke wa Australia aliyetoka mji wa Alice Springs mwaka 1977 na kufika Bahari ya Hindi, takriban kilomita 2,700 za jangwa la Australia, alikuwa na ngamia wanne na mbwa mmoja. Sehemu kubwa ya njia hiyo aliitembea.

Basi jipime kwa hilo: saa nne za kutembea kwenye mchanga, siku tano mfululizo. Ukiliweza, kupanda hakutakushinda.

Sasa kwa nini nisitembee tu, ngamia wabaki kwao?

Maji. Piga hesabu: wasafiri wawili na waongozaji wawili, lita sita kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia, siku tano. Hizo ni lita 120, yaani kilo 120 kabla hujaweka chakula, sufuria wala mablanketi. Ngamia mzima mwenye afya hubeba kilo 150 hadi 200 na kutembea nazo siku nzima. Ndiyo maana msafara wa watu wanne unaweza kuwa na ngamia watano, mmoja wao akiwa na kazi ya madumu peke yake. Mzigo wake hupungua kila jioni. Ikifika siku ya nne anatembea huku madumu matupu yakigonga ubavuni kama ngoma, na ndiye mwenye raha kuliko wenzake wote.

Ngamia mwenyewe hanywi?

Anakunywa, ila si kila siku. Nundu haina maji, ina mafuta. Aliyelishwa vizuri nundu yake husimama, na aliyekonda nundu yake hunywea au kulala upande. Siri yake iko kwingine. Anaweza kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake na bado akaendelea kutembea, hali ambayo ingekuwa imeshamuua binadamu. Joto la mwili wake hupanda na kushuka kati ya nyuzi 34 na 41, ili asipoteze jasho bila sababu. Na akifika kisimani baada ya kiu ndefu, anaweza kumaliza lita 100 kwa robo saa hivi.

Siku hiyo kaa karibu naye. Utaona mafundo ya maji yakisafiri kwenye ile shingo ndefu, moja baada ya jingine, na tumbo lililokuwa limebonyea likifura mbele ya macho yako. Mimi hiyo naipenda kuliko machweo.

Nitampataje mwenye ngamia anayefaa?

Waangalie ngamia kabla hujamsikiliza mwenyewe. Picha kwenye simu zinaweza kuwa za mwaka wowote, lakini mnyama yuko mbele yako leo. Omba matandiko yavuliwe, hata ukiambiwa wameshafunga. Pitisha mkono mgongoni, pande zote mbili za nundu, na chini ya kifua pale mshipi unapopita. Usikute kidonda kibichi, wala majimaji, wala mahali anaposhtuka ukigusa. Kama anaongozwa kwa kijiti cha puani, kama wafanyavyo Asia Kusini na Australia, tundu liwe limepona, na kamba iliyofungwa hapo iwe nyembamba ya kukatika ikivutwa kwa nguvu. La sivyo siku akishtuka itamchana pua. Kisha simama kando utazame mwenyewe anavyomlaza. Anayetumia sauti na kuvuta kamba kidogo, huyo ndiye. Anayeanza na fimbo, mwache.

Mara yangu ya kwanza sikufanya lolote kati ya hayo. Nilinunua safari kwa mtu mwenye albamu ya picha na maneno matamu, na asubuhi nikakabidhiwa kwa mtu mwingine kabisa, ambaye baadaye aliniambia amepewa sehemu ndogo tu ya nilichotoa. Ngamia wangu alikuwa na donda la ukubwa wa kiganja chini ya tandiko. Siku mbili na nusu nilitembea kwa miguu njia nzima kwa kuona haya, na maji yakaisha siku ya mwisho mchana, tukiwa tunaona barabara kwa mbali. Mchungaji huyo wa ngamia hakuwa na kosa. Alipewa madumu mawili, akaja na madumu mawili.

Kabla ya kutoa pesa, uliza: ngamia ni wangapi, na mmoja ni wangu peke yangu? Tunabeba lita ngapi, na kisima cha kwanza tutakikuta siku ya ngapi? Atakayeondoka nasi ni wewe au mwingine? Nikiugua siku ya tatu, nitatolewaje? Hilo la mwisho ndilo chujio. Anayekujibu "hutaugua" hajawahi kulifikiria. Anayekwambia siku ya tatu mchana mtakuwa mwendo wa saa mbili kutoka barabarani, na kwamba kuna mtu mwenye gari anayejua njia, huyo ameshamtoa mgonjwa.

Bei ikiwa ya chini mno kuliko za wengine, ujue kuna kitu kimekatwa. Kwa kawaida ni maji, malisho ya ngamia au ujira wa mchungaji.

Kumpanda kukoje? Nitaanguka?

Ukianguka, utaanguka anapoinuka au anapolala. Katikati ni nadra.

Ngamia hulazwa chini, na mwenyewe hushika hatamu. Mfikie kwa ubavu, si kwa nyuma. Pitisha mguu bila kumpiga, kaa, shika tandiko mbele na nyuma, kisha egemea nyuma. Anapoinuka husimamisha miguu ya nyuma kwanza, na wewe unajikuta unamiminwa mbele kama maji kwenye karai. Halafu miguu ya mbele hufuata, nawe unarudishwa mahali pako. Akilala huanza na magoti ya mbele, kwa hiyo unamiminwa tena upande uleule. Egemea nyuma tena. Usishike simu. Karibu kila niliyemwona akianguka alikuwa anajipiga picha.

Ukishakaa uko zaidi ya mita mbili juu ya ardhi. Ngamia huinua miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, kisha ya upande wa pili, na ndiyo sababu unayumba kama uko kwenye mashua ndogo. Legeza kiuno uyumbe naye. Anayekaza mgongo atalipa jioni. Anayechafukwa moyo baharini anaweza kuchafukwa na hapa pia; dawa ni kutazama mbali, au kushuka.

Matandiko yote ni sawa?

La. Watuareg, wafugaji wa Sahara, huweka tandiko mbele ya nundu, na mpandaji huweka nyayo peku kwenye shingo ya ngamia na kumwongoza kwa vidole. Waarabu wa Rasi ya Uarabuni hutumia fremu ya mbao inayopanda juu ya nundu, na mtu hukaa kwenye mito. Kwa ngamia wa nundu mbili wa Gobi, jangwa la Mongolia na China, na wa Asia ya Kati unakaa katikati ya nundu, umekingwa mbele na nyuma, na kwa anayeanza hapo ndipo pa raha zaidi. Popote utakapokuwa, uliza kama kuna vikuku vya kuwekea miguu. Miguu ikining'inia saa tatu bila pa kukanyaga hufa ganzi, na ukishuka ghafla inakugomea. Nimewahi kufunga kitanzi cha kamba kila upande kwa kazi hiyo, kilitosha.

Ni kweli mapaja huchubuka?

Ni kweli. Vaa suruali ndefu pana isiyo na mshono mnene ndani ya paja, na chini yake kaptula ya kubana, kama zile za waendesha baiskeli. Kunja blanketi ukalie. Paka mafuta mazito asubuhi kabla hujahisi chochote, maana ukishahisi umechelewa. Jinzi iache mjini.

Mwezi gani unafaa?

Kwa Sahara, Uarabuni na jangwa la Thar huko India, Oktoba hadi Machi, na kilele chake ni Novemba hadi Februari. Kwa Australia geuza kalenda: Mei hadi Agosti. Gobi ni jambo jingine, kwa kuwa wakati wa baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa hiyo wengi huenda wakati joto limerudi. Atakayekuuzia safari ya siku tano Sahara mwezi Julai anakuuzia ugonjwa.

Angalia pia mwezi wa angani. Mwezi mchanga unakupa nyota ambazo mtu wa mjini hajui kama zipo. Mwezi mpevu unakupa uwezo wa kutembea usiku bila tochi. Huwezi kupata vyote viwili. Mimi huchagua nyota.

Nibebe nini, na begi langu kubwa nalipeleka wapi?

Liache mjini, mahali pa kuaminika, pamoja na laptopu, viatu vya ziada na vitu vyote vya "huenda nikahitaji". Begi lenye fremu ngumu humchoma ngamia, na halikai vizuri kwenye soji, ile mifuko ya mzigo inayoning'inia pande zake mbili. Ingia na mfuko mmoja laini wa kilo saba au nane, na kibegi kidogo cha kukaa nacho.

Tazama mzigo unavyofungwa asubuhi. Mchungaji huinua mfuko mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, husimama kidogo amefumba macho kama anasikiliza kitu, halafu hutoa sufuria huku na kuiweka kule. Pande mbili zikipishana kwa kilo chache, tandiko litazunguka njiani. Ukitoa kitu kwenye mfuko wako baada ya hapo bila kumwambia, umeharibu mizani, na atajua ni wewe.

Nguo: mikono mirefu, kitambaa chepesi, pana. Kitambaa cha kichwani cha mita tatu au nne kinashinda kofia yoyote. Kinazuia jua, kinafunika pua upepo ukivuma, kinachuja maji, kinakuwa taulo na kinafunga jeraha. Miwani ya jua yenye kuziba pembeni. Losheni ya jua na ya midomo. Viatu vyepesi vinavyofunika vidole kwa ajili ya mawe, na ndala za jioni. Koti zito na soksi za sufu, na hapa ndipo watu hunicheka mpaka usiku wa kwanza uingie.

Jangwani si joto? Sufu ya nini?

Hewa kavu isiyo na mawingu haishiki joto. Jua likizama mchanga hulitoa kwa haraka, na ikifika saa kumi usiku unaweza kuwa kwenye nyuzi chache juu ya sifuri, au chini yake. Mfuko wako wa kulalia uwe wa baridi. Weka kitu chini yako hata kama huna cha kutosha juu, kwa kuwa baridi kali hutoka mchangani. Ukiweza, lala nje ya hema. Ngamia watakuwa karibu wakicheua, na sauti hiyo ya meno, kama mtu anayesaga karanga taratibu usiku kucha, utaikumbuka.

Ninywe maji kiasi gani?

Lita nne au tano kwa siku wakati wa baridi, zaidi sana kukiwa na joto na unatembea. Usingoje kiu. Tazama mkojo: ukiwa wa rangi ya majani makavu hafifu, sawa, ukifanana na chai ya rangi, umebaki nyuma. Maji matupu mengi bila chumvi nayo hudhuru, kwa hiyo kula chakula chenye chumvi na uwe na pakiti za kuongeza maji mwilini. Zikiisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu.

Maji ya kisima yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja, au tumia vidonge. Chujio la mkononi litatoa vijidudu, halitatoa chumvi. Kisima chenye maji ya magadi ni cha ngamia, si chako.

Nitajuaje kuwa joto limenizidi?

Mara nyingi mwenzako ndiye atakayejua. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza na kukasirika bila sababu. Hapo kaa kivulini, legeza nguo, kunywa taratibu, siku imeishia hapo. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuyumba huku mwili ukiwa wa moto, hilo ni joto lililopanda hadi kwenye ubongo, na huua. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, muite msaada. Usiwaze kwamba maji ni ya kunywa tu. Asiyejitambua usimnyweshe.

Kinga kubwa ni ratiba: kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kusimama kabla ya saa sita, kulala kivulini, kuondoka tena saa tisa. Ila usishangae kuondoka kukichelewa. Usiku ngamia hufungwa kamba ya miguu ya mbele wakaachwa walishe, na kwa hatua zao fupifupi wanaweza kufika mbali ajabu. Asubuhi mchungaji hufuata nyayo. Nimewahi kungoja mpaka saa nne.

Nge na nyoka?

Wapo, ila mtaonana mara chache. Kung'uta viatu kila asubuhi. Usitembee peku gizani, usiingize mkono chini ya jiwe, na okota kuni mchana. Nge hung'aa kijani akimulikwa na tochi ya miale ya urujuanimno. Ni mchezo mzuri jioni ya kwanza, halafu unalala vibaya. Ukiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Tuliza kiungo kisicheze, vua pete na saa, na safari ya kwenda hospitali ianze sasa hivi.

Dhoruba ya mchanga ikitukuta?

Upeo wa macho hugeuka kahawia, ngamia huanza kugeuza vichwa. Mnasimama, ngamia wanalazwa migongo ikielekea upepo, nanyi mnakaa upande waliouziba, vichwa vimefunikwa. Ngamia ana safu mbili za kope na pua inayofunga, yeye ataendelea kucheua. Usiondoke kwenda kutafuta kitu kilichopeperushwa. Nyingi hupita kwa saa moja au mbili, nyingine huchukua siku, na siku hiyo ndipo utamjua uliyesafiri naye.

Na mvua?

Hili watu hawaulizi, na ndilo linalonitisha kuliko yote. Mvua inaweza kunyesha milimani kilomita nyingi kutoka ulipo, anga yako ikiwa safi, na bonde kavu mlilopiga kambi likajaa maji ya matope kwa dakika chache. Mwandishi Isabelle Eberhardt, aliyezunguka sana jangwa la Algeria, alikufa kwa mafuriko ya namna hiyo huko Aïn Séfra mwaka 1904, akiwa na miaka 27. Bonde kavu lina mchanga laini, miti na kinga ya upepo, kwa hiyo linavutia jioni. Lala juu yake, usilale ndani.

Ngamia hutema mate na kuuma?

Akiudhiwa sana hutapika kilichomo tumboni, na harufu yake haielezeki. Kwa kawaida anachofanya ni kulalamika: atagumia ukimpakia, atagumia ukimpakua, atagumia hata ukimpita. Usimchukulie vibaya.

Wa kuogopwa kweli ni dume wakati wa kupandana, na kwa bahati mbaya msimu huo huangukia miezi ya baridi, ambayo ndiyo ya safari. Utamtambua: povu mdomoni, kusaga meno, majimaji meusi nyuma ya kisogo, na wale wa nundu moja hutoa kitu kama puto jekundu upande wa mdomo kwa sauti ya mtungi unaojazwa maji. Kaa mbali naye. Omba jike au dume aliyehasiwa.

Kuna magonjwa ya kuogopa kutoka kwao?

Yapo mawili ya kukumbuka. Virusi vya MERS, vya ugonjwa mkali wa njia ya hewa, vilivyotambuliwa mwaka 2012, hubebwa na ngamia wa nundu moja. Wenye kisukari, ugonjwa wa figo, mapafu au kinga dhaifu wajiepushe kuwakaribia sana. Na ugonjwa wa brusela, homa inayoweza kurudi-rudi, huja kwa maziwa mabichi. Maziwa yachemshwe, mikono ioshwe kabla ya kula. Uliza pia bima yako kama inahesabu kupanda mnyama, kwa kuwa nyingine hazihesabu.

Nina uzito mkubwa. Nitakubaliwa?

Waandaaji wengi huweka ukomo karibu na kilo 100. Sema kweli mapema. Utapewa ngamia mkubwa, au mtapanga utembee zaidi.

Choo je, na hedhi?

Nenda nyuma ya tuta la mchanga, mbali na kisima na mbali na njia, chimba shimo la kiganja na nusu, fukia. Karatasi ichome au rudi nayo kwenye mfuko uliofungwa, kwa sababu upepo utaifukua. Kikombe cha hedhi ni chepesi lakini kinataka maji safi na mikono safi. Wengi huona taulo za kike na mfuko wa kurudi nazo ni rahisi zaidi. Kuoga, sahau. Kitambaa chenye unyevu kwapani, miguuni na sehemu za siri kila usiku kinatosha, na kuanzia siku ya pili wote mnanuka sawa.

Mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu. Niende?

Wanawake wengi huenda na kurudi salama, ila usiingie peke yako na wanaume usiowajua. Jiunge na wasafiri wengine, hata kama ni kungoja siku tatu. Kutana na waongozaji wenyewe, si dalali. Acha kwa mtu wa nje majina yao, njia na siku ya kurudi, na wao wajue kwamba umefanya hivyo. Ongea na mwanamke aliyesafiri nao majuzi. Moyo ukisita, usilipe, hata kama wameshakupikia chai.

Simu itashika? Nitachaji wapi?

Hesabu kuwa haitashika. Pawabenki moja kubwa inatosha siku tano ukizima mtandao. Usiku lala nayo, kwa maana baridi hula chaji. Kamera iwe kwenye mfuko wa plastiki unaozibwa, na usibadilishe lenzi kukiwa na upepo. Simu ya setilaiti ni kitu kizuri, lakini uliza sheria kwanza: India, kwa mfano, hairuhusu kuingia nayo bila kibali, na wasafiri wamewahi kukamatwa.

Nikipotezana na msafara?

Simama. Panda tuta lililo karibu mara moja, angalia, piga kelele au filimbi. Usipoona mtu, rudi kwa nyayo zako mwenyewe hadi mahali mlipoonana mara ya mwisho, kaa kivulini, ngoja. Mchungaji anasoma nyayo kama wewe usomavyo simu. Kazi yako ni kutozivuruga. Chupa ya lita mbili na kioo kidogo viwe mwilini mwako daima, sio kwenye soji.

Jangwa ni mchanga mtupu siku zote?

Matuta ya mchanga ni kama robo tu ya Sahara. Sehemu kubwa ni tambarare za changarawe na miamba. Uliza njia yako inapita wapi, usije ukatembea siku tatu juu ya kokoto ukisubiri picha uliyoiona. Ingawa hizo kokoto nazo zina yake, na ngamia huzipenda kidogo kuliko wewe, maana nyayo zao ni laini. Na mkipata tuta kubwa kavu, mwombe kiongozi mteremke kwenye mgongo wake mkali mchana. Baadhi ya matuta hutoa mngurumo mzito mchanga unapoporomoka, kama ndege inayopita mbali. Mara ya kwanza niliinua kichwa kutafuta ndege.

Sitachoshwa? Siku tano bila la kufanya?

Siku ya pili, ndiyo, sana. Siku ya tatu hapana.

Bakshishi nimpe nani?

Mkononi mwa mchungaji, mwishoni, mwenye kampuni asipokuwepo.

Tukimaliza, naweza kupanda basi usiku uleule?

Unaweza, lakini jipe usiku mmoja. Miguu itaendelea kuyumba ukiwa umesimama, na utataka kuoga mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza maji hutoka mekundu. Kabla hujaondoka, rudi kwa ngamia wako akiwa ameshavuliwa tandiko. Atakuwa anagaagaa mchangani, miguu minne hewani, mate yakimtoka, na hatakujua.